Damu imeganda mguuni, mbona mama ameruhusiwa kurudi nyumbani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi kijijini Rungwe. Alivunjika mfupa wa paja, akalala kitandani wiki kadhaa, kisha mguu ukavimba. Mbeya mjini wakampima kwa ultrasaundi, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa. Wamemlaza siku mbili tu, wakatupa sindano za enoksaparini na vidonge vya warfarini. Ndugu wanasema tumeondolewa kwa uhaba wa vitanda. Je, hili linatibika nyumbani? Na kwa nini apewe dawa mbili za kuyeyusha damu kwa mpigo?

JIBU: Marahaba. Nianze na hizo dawa mbili, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Hakuna inayoyeyusha damu kati ya hizo. Mtaani tunasema hivyo, hata sisi madaktari tukiwa na haraka. Donge la damu iliyoganda huliwa taratibu na mwili wenyewe. Kazi ya dawa ni kulizuia lisikue, na kipande kisikatike kikapanda mapafuni. Sindano inashika kazi ndani ya saa chache. Warfarini ina mwendo wa kobe: inalizuia ini kutengeneza vigandishi vipya vinavyotegemea vitamini K, lakini vile vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea kuzunguka kwa siku kadhaa. Tena siku za mwanzo inashusha protini C, ambayo ni mlinzi wetu dhidi ya kuganda. Kwa hiyo kidonge peke yake mwanzoni ni hatari. Sindano ziendelee siku 5 au zaidi, na zisiachwe mpaka kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda; kikipanda, inachelewa zaidi) kifike 2 na kubaki hapo kwa saa 24. Wengi huziacha siku ya tatu, ama mguu umenywea, ama hela imekata. Tafadhali zihesabu zilizobaki leo hii.

Kuhusu nyumbani, ndugu zako wana haki ya kushuku, lakini jambo hili lilipimwa zamani. Kabla ya hapo mgonjwa alilazwa siku kadhaa akiwa na dripu ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kutolewa damu ya kupima mara kwa mara. Mwaka 1996 tafiti mbili kubwa zililinganisha njia hizo. Katika ule wa Kanada, kati ya wagonjwa 247 waliopewa sindano za kuchomwa nyumbani, 13 walipata donge tena. Kati ya 253 waliolazwa na dripu, 17. Mimi sisemi nyumbani ni bora, tofauti hiyo ni ndogo. Nasema si pabaya zaidi. Ila waliokuwa na dalili za donge la mapafuni hawakuingizwa kwenye utafiti.

Sasa tuje kwenu. Nani anamchoma? Kama ni wewe, muuguzi wa zahanati akusimamie mara ya kwanza. Sindano inaingia kwenye ngozi ya tumbo iliyobanwa kwa vidole, mbali na kitovu, upande huu leo na ule kesho, na usisugue baadaye. Kama ameandikiwa mara mbili kwa siku, ziachane saa 12. Friji haihitajiki, baridi ya Rungwe inatosha. Ziwekwe tu mbali na jiko.

Warfarini anywe saa ileile kila jioni. Mboga si adui! Majani ya maboga na mchicha vina vitamini K nyingi, lakini kosa ni kula leo sahani nzima kisha kukaa wiki mbili bila. Ale kiasi kilekile anachokizoea. Ninachokiogopa zaidi ni maumivu ya paja: mtu ataenda duka la dawa amnunulie diklofenaki au ibuprofeni, na tumbo lianze kuvuja damu. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inafaa zaidi. Metronidazoli na kotrimoksazoli, dawa za kuua vijidudu, hupandisha INR sana, kwa hiyo yeyote anayemwandikia dawa aambiwe kwanza kuhusu warfarini.

INR tunaitaka kati ya 2 na 3. Wiki za mwanzo itapimwa mara nyingi, basi ulizeni mapema ni hospitali gani ya karibu inayoipima. Safari ikiwashinda, mwulizeni daktari wenu kuhusu rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, ambayo haihitaji kipimo hicho: miligramu 15 mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mara moja, pamoja na chakula. Bei yake ni suala jingine, na figo zipimwe kwanza. Isitumike kwa mwenye valvu ya chuma moyoni.

Akianza kuhema ghafla, kuchomwa kifuani anapovuta pumzi, kukohoa damu, kupata choo cheusi kama lami, au akianguka na kugonga kichwa hata kama anaongea vizuri, msisubiri asubuhi. Tafuteni gari usiku huohuo.

Kwa donge lililoletwa na kuvunjika na kulala, dawa kwa kawaida ni miezi 3. Asiache mwenyewe kwa kuwa mguu umepona. Tarehe ya kusimama ataitoa daktari wake.