Milioni 25 za korosho na vyumba vya kupangisha Mtwara: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama milioni 25 ulizopata kwenye korosho zitatosha kujenga vyumba vinne vya kupangisha hapa Mtwara mjini, na ni kitu gani cha kuogopa. La kutosha atakujibu fundi akishaona kiwanja. La kuogopa nitakujibu mimi.

Mwaka 2013 mji huu ulikuwa umechemka kwa gesi. Kule Shangani wenye nyumba walishaanza kutaja kodi kwa dola. Nikakopa benki, nikanunua kiwanja Mangamba, nikasimamisha nyumba mbili za familia zenye masta, vigae na fensi. Hesabu yangu yote ilikuwa kodi ya laki nne kwa mwezi kwa kila nyumba. Nilipokuja kumaliza mwaka 2015, bomba la gesi la kwenda Dar limeshakamilika na wageni waliokuja kwa kazi ile wamefungasha. Nyumba moja ilikaa miezi 14 bila mtu, na kila mwisho wa mwezi marejesho ya benki yalikatwa kwenye mshahara wangu. Watoto nyumbani waliyasikia makali yake.

Mwishowe moja nikampa mwalimu kwa laki na nusu, nyingine nikaikata ikawa vyumba na sebule. Hivyo vyumba havijawahi kulala vitupu zaidi ya mwezi. Wanaokaa ni wauguzi, walimu wapya na vijana wa chuo, watu ambao mji utakuwa nao gesi iwepo isiwepo. Kwa hiyo wazo lako la vyumba naliunga mkono kabisa.

Ila kuna jambo hukuligusa. Hela yako ni ya korosho, na wapangaji wengi utakaowapata mitaa ya pembeni nao wanaishi kwa korosho hata kama hawana shamba: mpakiaji wa ghalani, mama wa genge, bodaboda. Minada ikianza Oktoba wanalipa hata miezi sita bila kusukumwa. Ikifika Machi, Aprili, unaanza kupigiwa hodi za kuomba usubiriwe. Msimu wa 2018 serikali iliponunua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, wapangaji wangu wawili walikwama kabisa. Mimi nilikuwa na mshahara wa kushikilia. Wewe mwaka kama huo shamba litakuwa limekukwamisha na nyumba pia. Usiimalize milioni 25 yote kwenye tofali. Jenga vyumba viwili, weka msingi wa vingine, na akiba ya walau miezi sita ibaki.

Kiwanja nacho. Changu kilikuwa na mikorosho saba. Nilimlipa muuzaji mbele ya mashahidi, barua ya serikali ya mtaa ninayo, kumbe mikorosho ilikuwa rehani kwa mama mmoja tangu miaka mitatu nyuma. Alikuja nimeshachimba msingi. Nikalipa upya, na sikumlaumu, haki ilikuwa yake. Uliza majirani nani huokota korosho pale. Uliza na wajomba wa muuzaji, unajua huku kwetu ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja akatulia. Kisha nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe kimepimwa na kiko kwa jina la nani.

Mengine ni madogo lakini yanakula. Karibu na bahari misumari na mabati huliwa na chumvi upesi, usikubali fundi akuletee mchanga wa pwani. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, maana yake anayeilipa ni mpangaji ilhali deni ni lako, basi mpunguzie kwenye kodi ya pango na uandike kwenye mkataba. Mita moja kwa vyumba vinne ni ugomvi wa kila wiki, kama uwezo upo weka mita ndogo kila chumba.

Kiwanja umeshanunua au bado? Kama bado, taja mtaa nikuambie ninachokijua kuhusu maji na barabara yake.