Muulize Shangazi Nesi: Siku zangu zinakuja zinavyotaka

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 14, nasoma kidato cha pili shule ya bweni. Tangu nivunje ungo hata mwaka haujaisha. Siku zangu hazieleweki: mara zinakuja baada ya wiki tatu, mara napitisha miezi miwili. Zikija zinakaa hata siku tisa, na siku za mwanzo pedi inalowa kabla vipindi viwili havijaisha. Matroni ana daftari la kugawia pedi. Jina langu lilipokosekana miezi miwili, wenzangu wakaanza kunong'ona kuwa nina mimba. Sijawahi kulala na mwanaume. Rafiki yangu ananishauri ninywe P2 ili zikae sawa. Juzi nilianguka mstarini, wakasema ni kwa sababu sikunywa uji. Uji nilikunywa. Je, nina ugonjwa gani?
Z., Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole. Umeniuliza habari ya tarehe, lakini mimi macho yangu yameganda kwenye hiyo pedi na kule kuanguka mstarini. Tuzimalize kwanza tarehe, maana hizo hazinitishi.

Kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayoziamrisha ovari zikomaze yai. Kwa msichana aliyevunja ungo juzijuzi, amri hizo bado hazijakaa sawa, na miezi mingine yai halitoki kabisa. Yai lisipotoka, mwili hautoi homoni ya projesteroni ya kutosha, ambayo ndiyo inayoutuliza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi na kuupangia muda wa kubomoka. Basi ukuta unaendelea kunenepa, halafu siku moja unabomoka ovyo na damu inamwagika nyingi. Ndiyo maana mwaka wa kwanza msichana anaweza kupitisha hadi siku 90 bila kuona, na asiwe mgonjwa. Mwaka wa pili na wa tatu tunategemea kati ya siku 21 na 45. Hesabu inaanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Wengi huanza kuhesabu damu ikishakatika, ndipo wanapochanganyikiwa.

Sasa lililonikosesha raha. Hedhi haipaswi kuzidi siku saba, na pedi inayolowa ndani ya saa moja na nusu hivi si kawaida, hata kama dada zako bwenini wanasema "mbona na mimi ni hivyo hivyo". Ukijumlisha na kuanguka, nashuku damu yako imepungua. Usisubiri likizo. Mwambie matroni wiki hii hii: "Natokwa na damu nyingi zaidi ya siku saba na nimeanguka, naomba kupelekwa kituo cha afya." Sema hivyo hivyo, usimung'unye maneno. Na ikitokea pedi inalowa chapa ndani ya saa moja, mara mbili mfululizo, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Huko watakupima wingi wa damu. Kwa umri wako, chini ya 12 ni upungufu. Wanaweza pia kukugusa shingo, kwa sababu tezi ya shingo ikiharibika huvuruga hedhi, na kukuuliza kama huwa unatokwa damu puani au kwenye fizi. Hilo kaulize nyumbani mapema: je, mama, dada au shangazi zako nao hutokwa na damu nyingi, au waling'olewa jino damu ikagoma kukatika? Kuna familia ambazo damu yao inachelewa kuganda, na mara nyingi hedhi za mwanzo za binti ndizo zinazofichua jambo hilo.

Watapima na mkojo kuangalia mimba. Nimekusadiki, lakini kipimo hicho hufanyiwa karibu kila msichana mwenye shida kama yako, kwa hiyo usikichukulie kama tusi. Na matroni wanaonisoma, daftari la pedi ni la kuhesabia pedi.

P2 mrudishie mwenyewe. Ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba, na moja ya madhara yake ni kuvuruga tarehe; utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo. Daktari anaweza kukupa vidonge vya homoni kupunguza damu, pengine vinavyofanana na vile vya majira, na hapo usione aibu kuvimeza. Tumbo likiuma, epuka asprini, inazuia damu kuganda.

Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze na chai; chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kinyesi kitakuwa cheusi, usishtuke. Maharage ya shule yanasaidia, hasa ukila na chungwa au ukiyakamulia ndimu. Siku ya kutembelewa omba dagaa. Na nyuma ya daftari lako andika damu ilianza lini, iliisha lini, na pedi ngapi kwa siku. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Binti yangu ametimiza miaka 15, matiti yalianza kuota akiwa na 11, lakini hajavunja ungo. Kila mwezi tumbo linamuuma siku tatu au nne. Bibi yake anasema amefungwa, tumpeleke kwa mganga.
Mama A., Korogwe

Mama A., mpeleke hospitali ya wilaya. Binti akifika 15 bila kuona, au miaka mitatu ikipita tangu matiti yaote, anastahili kuonwa na daktari hata kama haumwi popote. Wako anaumwa kila mwezi. Inawezekana utando wa ukeni hauna tundu: hedhi anapata, ila damu haina pa kutokea, inajikusanya ndani. Bibi huenda yuko sahihi kwamba amefungwa, amekosea tu wa kumfungua. Daktari atamtazama, huenda na kumpiga picha ya ultrasaundi, na ikiwa ndivyo, tiba ni upasuaji mdogo. Kabla ya hapo msimkande tumbo wala kumpa dawa ya kusukuma damu.