Leseni ya Uuguzi Inafuata Unakolala

Mara nyingi napigiwa simu na mtu aliyefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, juzi tu: "Dada, nimepata kazi jimbo lingine, mshahara mzuri. Itabidi nifanye mtihani tena?" Mtihani hurudii, kwa sababu ni mmoja kwa Marekani nzima. Leseni ndiyo ya jimbo. Sisi tuliotoka Kenya tunakwama hapo, maana nyumbani ukishaandikishwa na baraza la wauguzi unafanya kazi Mombasa, Garissa au Kisumu bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa nakaa Moorhead, Minnesota. Ukivuka mto Red River uko Fargo, na Fargo ni North Dakota. Wakala mmoja wa ajira aliniambia North Dakota imo kwenye mkataba wa leseni za wauguzi, ule unaoitwa NLC, unaokuwezesha kufanya kazi majimbo yote yaliyomo kwa leseni moja, basi leseni niliyo nayo itatosha. Nikaacha kazi. Siku ya kukaguliwa karatasi ndipo nikaelezwa: ni kweli North Dakota imo, lakini Minnesota haimo, na leseni ya majimbo mengi hutolewa na jimbo unakoishi, wala si lile unakokwenda kufanya kazi. Nikaanza upya kuomba leseni ya North Dakota peke yake, na alama za vidole nikapiga upya. Wiki tano bila mshahara, na nyumbani mama anasubiri hela ya dawa. Sitaki mwingine ayapitie hayo kwa kuwa tu hakuna aliyemwambia.

Majimbo yaliyomo kwenye mkataba sasa ni zaidi ya 40, Texas ikiwemo. California, New York na Oregon bado hazimo. Kabla ya kusaini chochote, ingia Nursys, tovuti ya kukagulia leseni za wauguzi, utafute jina lako, usome leseni yako imeandikwa ya majimbo mengi au ya jimbo moja. Usikubali neno la wakala kabla hujaona kwa macho yako. Ukiwa bado hujapata namba ya Social Security, ile ya majimbo mengi hupewi hata kama jimbo lako limo.

Halafu kuna hili neno "unakoishi". Bodi ya uuguzi ya jimbo hailipimi kwa maneno yako. Inatazama leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura kama unayo, na jimbo ulilolitaja kwenye fomu yako ya kodi ya mapato. Wengi wetu tunafikia kwa shangazi Texas, leseni ya udereva ni ya Massachusetts, na kodi tumeijaza kwa anwani ya rafiki. Tafadhali weka karatasi zako zote jimbo moja kabla ya kuomba. Na majina yafuatane kama yalivyo kwenye pasipoti. Jina la baba likikaa mbele huku na nyuma kule, faili lako linasimama.

Ukihama kabisa kutoka jimbo la mkataba kwenda jingine la mkataba, una siku 60 za kuomba leseni ya huko mpya, na katika muda huo unaendelea kufanya kazi kwa ile ya zamani. Ukihamia California mambo ni tofauti: leseni yako inabaki kuwa ya jimbo ulilotoka tu, kwa hiyo omba ya California mapema, ukiwa bado una kazi. Lakini kama unakwenda kwa kazi ya muda ya wiki 13 na nyumba yako iko pale pale, hujahama. Usikimbilie kubadilisha leseni ya udereva.

Wanaofanya kazi kwa simu nao wasikilize. Sheria inaangalia mgonjwa yuko wapi. Wewe unaweza kuwa sebuleni kwako Houston, lakini kama unayemshauri yuko Los Angeles, unahitaji leseni ya California.

Nimewaacha CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, mwisho, na ndio wengi zaidi kati yetu, hasa ndugu zetu wa Kongo. Mkataba huu hauwahusu. Kila jimbo lina daftari lake, na jina lako lazima lihamishiwe huko. Sheria ya nchi inataka mafunzo ya saa 75 angalau, lakini Texas inataka 100 na California 160, ndiyo maana mwingine anapokelewa mara moja na mwingine anadaiwa saa za ziada. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya kuhudumia wagonjwa, cheti kinakufa, na unarudi darasani au unafanya mtihani upya. Dada anayepumzika kulea mtoto, ahesabu miezi yake, na hata zamu chache za kulipwa azifanye kabla haijatimia. Na zile karatasi za mshahara asizitupe, kwa sababu ndizo atakazoombwa kuonyesha.