Sikiliza nyumba kabla ya kumaliza skripti

Sini niliyoipenda kuliko zote katika filamu yangu fupi ya kwanza haimo kwenye filamu hiyo. Tuliishuti chumbani, Tandale, Dar es Salaam: mama na binti yake wanalaumiana kwa sauti ya chini. Picha ilitoka nzuri mno. Usiku nilipovaa hedifoni nikakuta friji ya jirani inanguruma nyuma ya kila neno, na pale mama anapotamka jina la marehemu mumewe, bodaboda inapita. Muigizaji alikuwa amelia machozi ya kweli, na hayakurudi tena. Nikaikata.

Ndugu yangu unayeandika na kuongoza mwenyewe, una uhuru ambao mwandishi wa kulipwa hana: unaweza kubadilisha ukurasa papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa. Utumie mapema. Siku hizi, kabla ya rasimu ya pili, naenda kukaa kwenye nyumba yenyewe saa ile ile tutakayoshuti, nimefumba macho. Adhana inaingia saa ngapi? Watoto wa shule wanapita lini? Mashine ya kusaga je? Kelele isiyoondoka naiandika ndani ya hadithi. Mama yule leo ningemwandika akisubiri bodaboda ipite ndipo alitamke lile jina, na binti akimtazama midomo.

Hesabu nayo ianzie kwenye skripti. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu. Ukiwa na kurasa 90 na timu ndogo inayomaliza 5 kwa siku, hizo ni siku 18 za kulisha watu na kulipa nauli. Kwa hiyo sini tatu zinazoweza kutokea kwenye ua wa nyumba moja, ziweke hapo hapo. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie mapema, usingoje wiki ya kushuti.

Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo. Asiposikia maneno, anaanza kuongea na jirani yake, na hapo umeshampoteza.

Na kabla hamjafungasha vifaa, zima feni, waombe wote wasimame walipo, hata anayeosha vyombo uani, mrekodi chumba kikiwa kimya kwa sekunde 30. Wakati wa kuhariri, kimya hicho ndicho utakachozibia mapengo kati ya maneno.