Kioo kinaandika "No Signal", Windows inaingiaje hapo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka la stesheneri Tabata, natumia kompyuta ya mezani ya mtumba niliyonunua Kariakoo. Mwezi uliopita kioo kilianza kuwa cha njano, ila ukigusa meza kinarudi sawa. Baadaye kikawa kinazima katikati ya kazi na kuandika "No Signal", huku feni ya ndani inazunguka kama kawaida. Fundi wa jirani akasema Windows imechoka. Akaibeba sipiyu kwake, akapiga Windows, yaani akaiweka upya, kwa sh 30,000. Iliporudi ilifanya kazi siku tatu, tatizo likaanza upya. Sasa anasema ni kwa sababu Windows 10 imeisha muda wake, anataka sh 40,000 aweke 11. Na mitihani ya shule mbili niliyokuwa nimeichapa sijaiona tena tangu alipoirudisha. Nimpe hela, au ninunue kioo kingine?

JIBU: Hela yako kaa nayo, dada, na kioo usinunue.

Kioo chako ni kizima. Kilichokufa hakiandiki kitu. Hayo maneno "No Signal" hayatoki kwenye kompyuta, yanaandikwa na monita yenyewe kukuambia kwamba iko macho, umeme inao, inasubiri picha na picha haiji. Ukitaka kuhakikisha, zima kila kitu, chomoa waya wa picha, kisha washa monita peke yake. Itaandika maneno yaleyale, au yanayofanana nayo, bila kompyuta na bila Windows ya aina yoyote.

Ile njano uliyoitaja kwa kupita ndiyo iliyonifungua macho. Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, una nafasi za pini 15 katika safu tatu. Pini ya 1 inabeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu, na kila rangi unayoiona kwenye kioo imechanganywa kutoka kwenye hizo tatu. Bluu ikikatika zinabaki nyekundu na kijani, na mwanga wa rangi hizo mbili ukikutana unatoa njano. Ingekatika kijani, kioo kingekuwa cha zambarau kuelekea pinki. Kwa hiyo kioo cha njano kinachopona ukigusa meza kimeshakutajia namba ya pini inayokisumbua. Halafu pini ya 13 na ya 14 ndizo zinazoijulisha monita mstari unaanzia wapi na picha nzima inaanzia wapi. Ulegevu ukifika huko, monita haioni rangi mbaya tena, haioni kitu kabisa. Ndiyo hiyo "No Signal" yako.

Zima vyote, chomoa na kwenye soketi ya ukutani. Legeza skrubu za waya pande zote mbili, upande wa sipiyu na upande wa monita kama unatoka, umulike kichwa chake kwa tochi ya simu. Unatafuta pini iliyolala, au iliyozama kuliko wenzake, au yenye ukungu wa kijani. Ukungu huo si ajabu mjini kwetu, hewa ya chumvi inafanya kazi usiku na mchana. Ukiona nafasi moja kwenye safu ya kati haina pini, usishtuke: mara nyingi ni ya 9, na haipo tangu kiwandani. Wapo wanaouziwa waya mpya kwa tundu hilo tu. Pini iliyolala inyooshe kwa kibanio cha nyusi, taratibu, mara moja basi, kwa sababu ukiipeleka huku na huku inakatikia mkononi. Rudisha waya, kaza skrubu zote mbili. Wengi hawazikazi, wanasukuma waya tu na kuuacha uning'inie nyuma ya meza inayotikiswa na fotokopi kutwa nzima.

Njano ikirudi, azima waya wa jirani kabla hujanunua wako. Na waya wa jirani nao ukileta njano, basi mara nyingi ni tundu lililoko nyuma ya sipiyu, limelegea pale lilipochomelewa. Hiyo sasa ni kazi ya fundi mwenye pasi ya kuchomelea risasi, si mwenye flashi. Sipiyu nyingi za mtumba zina pia tundu la DisplayPort, njia nyingine ya kutolea picha, pembeni ya VGA, kwa hiyo hata tundu moja likifa kabisa, kiunganishi kidogo cha kutoka DisplayPort kwenda VGA kinakurudisha kazini bila kuichomelea.

Utaniuliza mbona ilikaa siku tatu. Fundi wako aliibeba sipiyu, sivyo? Ili aibebe alichomoa waya. Alipoirudisha akauchomeka upya, safari hii ukaingia vizuri. Wateja wakaegemea meza, mashine ikatikisika, ukalegea. Windows ikapata sifa isiyo yake, na wewe ukatozwa sh 30,000 kwa kuchomekewa waya.

Hapo ndipo ninapochoka. Kupiga Windows kumefanywa mwarobaini mjini hapa. Kompyuta ikichelewa kuwaka, piga Windows. Spika ikikoroma, piga Windows. Kioo kikiwa cheusi, njano au cha mistari, piga Windows. Sababu ni moja tu, ni kazi isiyohitaji kufikiri. Unachomeka flashi, unabonyeza endelea, endelea, endelea, unakunywa chai, unadai hela. Kutafuta ugonjwa kunataka muda, na muda huo mteja hapendi kuulipia, hilo nalo nalikubali.

Windows haina uwezo wa kusababisha kitu kinachotokea kabla haijaamka. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kinachoanza si Windows, ni baiosi, programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ndiyo inayokagua ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kuonyesha nembo ya waliotengeneza mashine. Windows inaitwa baadaye, ikiwa imelala kwenye hadi diski. Basi fanya hivi: washa, na papo hapo bonyeza mfululizo F2, F10 au Delete kutegemea aina ya mashine, uingie kwenye baiosi. Iache hapo nusu saa. Kioo kikigeuka njano au kuzima ukiwa ndani ya baiosi, Windows haina hatia, ilikuwa bado usingizini. Hata siku kioo kimezima kabisa, bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima, sipiyu iko hai na inakusikia, ni picha tu inayopotea njiani.

Habari ya Windows 10 kuisha muda ina ukweli uliopindishwa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, maana yake masasisho ya kawaida ya usalama yalifikia mwisho. Ni jambo la kulifikiria ukiingia mtandaoni na kuhifadhi kazi za watu. Lakini hakuna saa iliyotegwa ndani yake ya kuzima vioo vya watu Tabata. Na sipiyu nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11, kwa hiyo muulize huyo bwana ataiwekaje, na masasisho yatakuja vipi.

Ipo siku Windows inakosa kweli. Nembo ya kampuni inaonekana, vile vidoti vinazunguka, kisha giza. Au monita inaandika "Out of Range", yaani kompyuta imetuma picha isiyowezekana kwa kioo hicho. Hapo mkosaji ni draiva ya grafiki, programu inayoiwezesha Windows kutoa picha, au mpangilio, na hata hapo hakuna sababu ya kufuta mashine. Unaingia kwa Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, unaondoa draiva mbovu, unaweka nzuri. Wakati mwingine inatosha kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, draiva ikaanza upya na picha ikarudi.

Kuna mzee mmoja aliniletea sipiyu iliyopigwa Windows mara nne kwa kioo cheusi. Mara nne! Nilifungua ubavu, nikachomoa ramu, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kile cheupe, nikairudisha mpaka ikalia "tak". Picha ikaja. Alichouliza si bei, aliuliza picha za harusi ya binti yake ziko wapi. Sikuwa na jibu zuri.

Na wengine mnaoniandikia kila siku mjue: anayekuja na bloa kuichoma moto kadi ya grafiki, kile kibao kinachotengeneza picha, "ili iamke" anakununulia wiki mbili, tatu, kisha inakufa moja kwa moja. Anayetaka kufungua monita hapo sebuleni kwenu mzuie. Umeme wa 230V ukishageuzwa ndani unakaa kwenye kapasita kubwa ukikaribia volti 325, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Kama kioo ni cheusi kabisa lakini taa yake ya kijani inawaka, kimulike kwa tochi kwa upande. Ukiona kivuli cha picha, mwanga wa nyuma ndio uliokufa, na hilo halina Windows ndani yake. Fundi anayefika bila hata waya wa akiba wa kujaribia, mkaribishe chai tu.

Turudi kwenye mitihani yako, maana hiyo ndiyo hasara yenyewe. Hati zilizokuwa Desktop na kwenye folda ya Documents kwa kawaida zinakaa sehemu moja na Windows, na akifuta ili aweke mpya zinakwenda nazo. Kwanza fungua C: utafute folda inayoitwa Windows.old. Kama hakufuta, aliweka juu tu, mambo yako yanaweza kuwa humo, ndani ya Users. Usichelewe, Windows huwa inaifuta yenyewe baada ya muda. Kama haipo, zima mashine sasa hivi na usiitumie tena kwa chochote, kwa sababu kila faili unalohifadhi linaweza kukalia pale mtihani ulipokuwa. Kama diski ni ile ya kuzunguka, ya zamani, kuna nafasi ya kuokoa kitu. Kama ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, nafasi ni finyu sana.

Kwa mwenye zana za kuokoa mafaili nenda na sipiyu peke yake. Kioo kiache dukani, hakijakosa kitu.