Siku nne Istanbul: anza na kifungua kinywa

Dada, umeuliza ule na unywe nini siku zako nne Istanbul, mbali na kebab. Mimi ningekusihi asubuhi moja uitenge kabisa kwa kahvaltı, kifungua kinywa chao. Huja sahani ndogo ndogo mpaka meza ijae: zeituni, jibini za aina kadhaa, matango, nyanya, na menemen, yaani mayai yaliyovurugwa na nyanya na pilipili hoho. Usiache kaymak, malai mazito ya maziwa, ukiyapaka kwenye mkate wa moto pamoja na asali. Hapo usiwe na haraka. Chai itaendelea kuletwa kwenye vibilauri vyembamba, nayo ni ya rangi, haitiwi maziwa.

Mchana vuka kwa feri hadi Kadıköy, mtaa ulio upande wa Asia wa jiji, ununue simit njiani, ule mkate wa duara wenye ufuta. Ukila nyama, agiza ayran, mtindi uliochanganywa na maji na chumvi. Wengi wetu tumezoea mtindi wa sukari, kwa hiyo funda la kwanza litakushtua. La pili utalipenda.

Kama unakwenda majira ya baridi, tafuta boza: nafaka iliyochachushwa, nzito kama uji, juu mdalasini na dengu za kukaanga. Mtu aliyekulia togwa ataitambua papo hapo. Ina kilevi kidogo sana, ujue kabla hujaagiza.

Kahawa yao usiikoroge ikishamiminwa, na machicha uyaache chini. Sukari hutiwa wakati wa kupika, basi sema mapema.