Kwa walimu wapya wa Kiingereza: chaki, maboksi mawili

Wadogo zangu, wiki hii nimepita nje ya madarasa matatu, na kote mwalimu mpya anasoma fasili, darasa linaitikia "yes" kama kibwagizo. Nilicheka, kisha nikaona haya. Wimbo huo nimewahi kuuongoza.

1. Andalio la somo liandike mwenyewe. La mwenzako wa mwaka jana linajulikana kwa harufu.

2. Shahada. Niliingia kazini na shahada ya isimu, GPA naitaja bila kuulizwa. Somo la kwanza, present perfect, yaani wakati timilifu. Nikajaza ubao: njeo (wakati wa kitenzi), kitenzi kisaidizi, mishale. Kila dakika tano, "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Pembeni mwa ubao nilijiandikia nisisahau kupitia stoo: "Chalk, two boxes." Kwenye jaribio nikadai mfano mmoja tu wa njeo ile. Wanafunzi tisa wakaandika: "Chalk, two boxes." Nikawasimamisha, nikasoma majibu yao kwa sauti, darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Mmoja wa wale tisa hakuninyooshea mkono tena mpaka anamaliza shule. Sikumwomba radhi.

Darasa lile likaokolewa na jirani yangu wa stashahada, niliyekuwa nikimdharau kimyakimya. Alifuta ubao, akauliza: nimefuta au nilifuta? "Umefuta!" Kwa nini? "Si huo, mweupe!" Ndipo akaandika "I have cleaned the board." Ile -me- walikuja nayo kutoka nyumbani, mimi na isimu yangu sikuiona. (Msiitumie kila mahali. Mkianza na "amelala" itawaumbua: Kiingereza chake ni "is asleep".) Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba kulijua somo hakutoshi, kuna ujuzi wa kuligeuza limwingie anayejifunza. Nilikuwa nimelijibia hilo mtihani. Nilipata A.

Wa stashahada nanyi msivimbe: jirani yangu yule akiulizwa swali la "kwa nini" alikuwa akilileta kwangu, na mara nyingi nilikuwa nalo jibu.

3. Ukiuliza, nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima walimu, akakuta wanasubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu, majibu yakarefuka. Hesabuni kimoyomoyo.

4. "Mmeelewa?" si swali. Mwambie atunge sentensi yake.

5. Mahitaji ya stoo andikeni kwenye kiganja.